Chuo cha Juu ya Duka la Magodoro

Ukoo mzima ulijua kwamba Chiriku anakwenda kusoma ng'ambo, isipokuwa shangazi yake. Mafundi wa karakana ya baba yake walijua, majirani walijua, hata mama aliyeuza vocha pale kona alikuwa ameshamtakia safari njema. Shangazi alipata habari siku yenyewe ya kuondoka, alipopita kwa kaka yake kuulizia dirisha alilokuwa akitengenezewa, akakuta masanduku mawili yamesimama sebuleni, yamefungwa kamba.

"Nani anasafiri?"

Kaka yake alijikuna kichwa. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mikono mikubwa yenye makovu ya cheche, na ukimwuliza jambo asilotaka kulijibu alikuwa na tabia ya kujikuna mpaka mtu mwingine ajibu. Safari hii aliyejibu alikuwa mkewe, huku akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mtoto anakwenda chuo, wifi. Tulitaka tukuambie."

"Lini? Akishafika?"

Wifi mtu alizidi kufuta meza.

Kufichwa kwake kulikuwa na sababu, na Shangazi mwenyewe aliijua. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayopima vyeti vya nje. Mtu akirudi na shahada yake ya ng'ambo akitaka kuajiriwa, ofisi ile ndiyo inayosema shahada hii inahesabika au ni karatasi tu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nyumbani walimtania kwamba Shangazi hata ukimkaribisha chai atakuuliza imepata ithibati wapi. Walicheka, lakini mtu akiwa na mpango wa kumpeleka mwanawe nje alimkwepa kama daktari wa meno. Binamu mmoja aliwahi kumwonyesha tangazo la chuo akitegemea pongezi, akaondoka pale amefura na hakurudi tena mpaka leo.

Chiriku alitoka chumbani amevaa koti zito lisilolingana na joto la siku ile. Jina hilo alipewa utotoni, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na tangu hapo hakuwahi kufunga mdomo. Alimkumbatia shangazi yake, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Shangazi, ni chuo cha biashara! Cha binafsi, lakini cha kimataifa, wanafunzi wanatoka kila pembe. Ukifungua tovuti yao, chini kule kuna nembo za ithibati zimejipanga mstari mzima!"

"Nembo za nani?"

"Mama, ameanza!"

Wote walicheka, kicheko cha watu wanaotaka jambo lipite haraka. Shangazi aliwatazama mmoja mmoja. Viza ilikuwa imegongwa, tiketi imekatwa, kaka yake ameuza gari lake la kubebea vyuma. Na usoni mwa yule binti kulikuwa na furaha ambayo ingehitaji moyo wa jiwe kuizima. Alimeza maneno yake.

"Haya, mwanangu. Kasome."

*

Chiriku alikuwa anakaribia kumaliza pale mkuu wa idara alipomwita Shangazi ofisini kwake. Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, anayesafisha miwani kwa ncha ya tai yake. Alisema kuna chuo kimoja cha biashara huko nje kimeomba kiingizwe kwenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa. Wahitimu wake wameanza kurudi, waajiri wanauliza, ofisi haina jibu. Alipolitaja jina, Shangazi alimkatisha.

"Mkuu, binti wa kaka yangu yuko pale."

"Umefanya vizuri kusema. Tutaliandika." Aliivaa miwani, akaivua tena. "Lakini utakwenda. Lugha ya kule unaijua wewe peke yako hapa ndani, ulisoma kule. Utafuatana na mwanasheria wetu na ripoti mtatia saini wote wawili. Na nyumbani usiseme kitu, unajua taratibu."

Kwa hiyo safari hii aliyefunga sanduku kimyakimya alikuwa yeye.

Mwanasheria alikuwa kijana mtanashati mwenye kipaji cha kulala popote. Alilala kwenye ndege, akalala kwenye treni, akaamka walipofika, mvua nyembamba ya baridi ikinyesha, mbele ya duka la magodoro.

"Si hapa," alisema.

"Ni hapa. Tazama juu."

Chuo kilikuwa ghorofani. Ili kuzifikia ngazi iliwabidi wapite kiubavu katikati ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani, yakiwa bado na nailoni zake, na harufu ya sponji mpya ikawasindikiza mpaka juu. Kule kulikuwa na ukumbi mwembamba, madarasa machache, chumba kimoja chenye kompyuta na kingine chenye kabati la vitabu, ambacho mlangoni kilikuwa kimeandikwa Maktaba. Ukutani zilining'inia zile nembo, kila moja kwenye fremu yake ya dhahabu.

Mkuu wa chuo, ambaye pia ndiye aliyekianzisha, aliwapokea mwenyewe. Shangazi alikuwa amejiandaa kukutana na tapeli. Alikuwa amekutana nao wengi katika kazi yake, wanaume wa suti za kung'aa na majibu ya haraka. Huyu alikuwa mzee aliyevaa sweta lililotoboka kiwikoni, na chai aliwamiminia kwa mkono wake.

"Tembeeni popote," alisema. "Ingieni darasa mnalotaka."

Waliingia darasa la uhasibu. Mwalimu alikuwa mama wa makamo aliyestaafu idara ya kodi, na hakugeuka kuwasalimu. Alikuwa ameweka mbele ya wanafunzi hesabu za duka moja la viatu lililofilisika mtaa wa pili, akiwabana waseme lini mwenye duka alipaswa kujua kwamba anazama. Wanafunzi walibishana. Mwalimu aliwakatisha, akawachokoza, akawarudisha nyuma. Shangazi, aliyesoma kwenye chuo kikuu chenye nguzo za mawe na bustani, aliona wazi kwamba yeye hakuwahi kufundishwa hivi.

"Wewe," mwalimu alimwonyesha binti aliyekaa karibu na dirisha. "Umenyamaza tangu asubuhi. Lini?"

Binti aliinuka. Ndipo alipouona uso wa shangazi yake mlangoni. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Kisha alimgeukia mwalimu na kuanza kueleza, polepole, bila neno la ziada, jinsi yule muuza viatu alivyokuwa akilipia mzigo wa zamani kwa mauzo ya mzigo mpya, na kwamba duka lilikuwa limekufa mwaka mzima kabla mlango haujafungwa.

"Kaa," mwalimu alisema. "Ndivyo."

Shangazi alimtafsiria mwanasheria, naye akanong'ona, "Huyo mkali."

Waliporudi ofisini kwa mzee, Shangazi aliuliza maswali yake ya kawaida, akimtafsiria mwanasheria, naye akiandika. Mwisho aliuliza lile ambalo kwake lilikuwa na uzito kuliko yote.

"Mzee, ukikosea, ukawadhulumu wanafunzi hawa, nani ana uwezo wa kukufungia?"

"Mwenye nyumba," mzee alisema akicheka. Alipoona mgeni wake hacheki, aliweka kikombe chini. "Hakuna, mama. Leseni yangu ni ya biashara, sawasawa na ya huyo wa magodoro hapo chini. Mamlaka ya elimu nimeiomba, wakanikatalia. Wanataka jengo, wanataka wahadhiri wa kudumu, wanataka maktaba yenye vitabu. Nikipata hivyo vyote nitaomba tena."

"Na hizi nembo?"

Mzee alizitazama kama mtu anayetazama picha za ndugu asiowapenda sana.

"Ni vyama. Unalipa ada, unaletewa nembo. Hawajawahi kufika hapa hata siku moja. Lakini wazazi wanazipenda."

"Mitihani nani anaikagua?"

"Sisi wenyewe."

Hakuficha lolote. Shangazi aliondoka pale akitamani mzee yule angekuwa mwongo.

Siku iliyofuata walizunguka mjini. Kwenye chuo kikuu cha umma, msajili aliwaambia bila kuinua macho kwamba wanafunzi wa pale juu ya magodoro hawawachukui kwa masomo ya mbele, hata wawe malaika. Kwenye benki, bibi mmoja wa idara ya ajira aliwakaribisha vizuri na kuwasifia. "Tunawapenda sana. Wanawahi, hesabu zao safi, wateja hawawalalamikii. Tunawaweka kaunta."

"Na baada ya kaunta?" Shangazi aliuliza.

Bibi yule alionekana kulishangaa swali. "Hapo hapo. Kupanda cheo kunahitaji shahada, na ile haihesabiki."

*

Alimwona Chiriku mchana ule, kwenye mkahawa mdogo wenye vioo vilivyojaa ukungu. Mwanasheria alibaki hotelini amelala, jambo ambalo kwa mara ya kwanza Shangazi alilishukuru. Binti alikuja moja kwa moja kutoka kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, mikono yake imechubuka kwa sabuni.

"Baba hakuniambia kama unakuja."

"Baba yako hajui."

Chiriku alizungusha kikombe chake. Shangazi alisubiri mafuriko ya maneno aliyoyazoea. Hayakuja.

"Umekuja kukipima chuo," binti alisema mwishowe. "Siyo kuniona mimi."

"Nimekuja kukipima chuo."

"Mimi nilishakipima. Mwaka wa kwanza tu nilijua. Kuna dada alimaliza, akaenda kuomba chuo kikuu cha umma, wakamrudishia karatasi zake. Tukaulizana, tukajua."

"Na hukusema nyumbani?"

"Niseme nini, Shangazi? Baba alikuwa ameshauza gari. Kila akipiga simu ananiambia mafundi wanamwita Baba Meneja." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Halafu wanatufundisha kweli. Umeona mwenyewe. Nikawa najiambia, pengine ninyi mtaona hivyo hivyo."

"Nimeona."

"Basi andika hivyo."

"Nitaandika. Lakini hawaniulizi kama mwalimu anajua kufundisha. Wananiuliza nani anamsimamia."

Mhudumu alipita, akachukua sahani tupu. Chiriku alingoja aende.

"Mkisema hakitambuliwi, wa kwetu hawatakuja tena. Na wa kwetu ndio wengi. Mzee atafunga kabla ya mahafali, tutatoka mikono mitupu, hata hiyo karatasi isiyohesabika tusiipate. Shangazi, chelewesheni tu. Tumalize, halafu tangazeni mnavyotaka."

Shangazi alikuwa ameshaliwaza hilo, usiku kucha.

"Mwanangu, kuna watoto saa hii wanafunga masanduku. Muhula mpya unakuja. Nikikaa kimya nao watapanda ndege."

Chiriku alimtazama sana.

"Siku ile sebuleni, ulijua?"

"Sikujua. Nilishuku."

"Ulishuku, ukaniambia kasome." Hakuinua sauti, na ingekuwa nafuu kama angeinua. "Kwangu mimi ulinyamaza. Watoto wa watu ndio hutaki kuwanyamazia."

Alivaa koti lake, lile lile zito, ambalo sasa lilikuwa linalingana na mahali. Alimshika shangazi yake mkono kwa heshima, kama anavyoshikwa mgeni, akatoka kwenye mvua.

*

Ripoti Shangazi aliiandika kwa mkono wake. Alieleza ufundishaji aliouona bila kuupunguza. Alieleza leseni, nembo, na mitihani isiyo na mkaguzi. Mwishoni aliongeza pendekezo lake: chuo kisitambuliwe, lakini wale ambao tayari wamo waruhusiwe kufanya mtihani nyumbani, chini ya chuo kikuu cha umma, na atakayefaulu ahesabiwe.

Mkuu wa idara aliisoma yote akiwa amesimama dirishani.

"Hapa mwisho pafutwe."

"Mkuu, watoto wale wanajua kazi. Waulizwe tu, wajibu."

"Sheria inajua vitu viwili, kinatambuliwa au hakitambuliwi. Nikifungua mlango huo, kesho kila chuo cha mfukoni kitataka mtihani." Alimtazama kwa huruma ya kweli, jambo lililomuumiza zaidi. "Na watu watasema umeandika kwa ajili ya binti wa kaka yako. Utajibu nini?"

Alimgeukia mwanasheria kutafuta msaada. Mwanasheria, ambaye safari hii alikuwa macho kabisa, alisema mkuu yuko sahihi kisheria. Sentensi ilifutwa. Shangazi alishika kalamu kitambo kirefu. Angeweza kukataa, angeondolewa, mwingine angetia saini, na tangazo lingetoka vile vile. Alijiambia hivyo, kisha akatia saini.

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi. Kaka yake alilisikia akiwa karakanani, katikati ya kuchomelea geti la watu. Mafundi walisimamisha kazi wote kwa pamoja, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Alifika kwa dada yake jioni ile, na nguo za kazi, bila kunawa. Alikataa kuketi.

"Ulikwenda kule."

"Nilikwenda."

"Ukamwona mtoto. Ukarudi. Tumeonana mara ngapi tangu urudi, dada? Umekula kwangu. Umenishukuru kwa geti nililokutengenezea."

"Nilikatazwa kusema, kaka. Ni kazi."

"Najua ni kazi." Alipangusa uso kwa kiganja, akajiachia alama nyeusi shavuni. "Unajua kwa nini sikukuuliza toka mwanzo? Mama yake alisema tukuulize. Mimi ndiye niliyekataa. Nilijua utasema hapana. Maisha yangu yote watu wananiambia hapana, nikataka mtu mmoja tu aniambie ndiyo. Wakala wa chuo aliniambia ndiyo. Alinikalisha kwenye kiti cha ngozi akaniambia ndiyo."

Shangazi alisogea amshike bega. Kaka yake alirudi nyuma hatua moja.

"Na hukukosea," alisema. "Hilo ndilo linaloninyonga. Ungekuwa umekosea ningekutukana hapa hapa, nikaenda zangu nikalala."

Aliondoka mlango ukiwa wazi.

Mambo yakaenda kama Chiriku alivyosema. Wanafunzi wapya hawakuja, wa zamani wengi wakaacha kulipa, na mzee akarudisha funguo kwa mwenye nyumba kabla ya mahafali. Kabla ya kuondoka alimwita kila mwanafunzi na kumpa orodha ya alama zake, imepigwa mhuri wa chuo ambacho hakikuwepo tena. Ilisemekana alikuwa akiwaomba radhi mmoja mmoja, na kwamba mwalimu wa uhasibu alisimama pembeni na mkoba wake hadi wa mwisho akatoka.

Benki haikumchukua Chiriku hata kaunta. Nyumbani hakutaka kurudi. Alimwambia baba yake kwamba akishuka kwenye ndege bila kitu, watu watamwita Meneja mpaka azeeke. Alibaki kule hotelini, kwenye chumba cha kufulia, akaongezewa zamu. Baba yake aliendelea kuchomelea mageti, akilipia usafiri wa vyuma kwa gari la kukodi, na kila alipomwona dada yake akipita barabarani alishusha kioo cha kofia yake ya kuchomelea hata kama hakuwa na kitu cha kuchoma. Wifi mtu ndiye aliyebaki kusalimia. Alisalimia kwa adabu zote, akiwa nje ya mlango, bila kusema karibu.

Ofisini watu walianza kuja kabla ya kuwapeleka watoto wao. Walikaa mbele ya Shangazi na matangazo yenye picha za vijana wanaocheka, na akiwaambia hapana wengi walikasirika, wachache walilia. Hakuna aliyeshukuru, wala yeye hakutegemea. Pendekezo lake la mtihani alilipeleka tena, kwa mkuu na kwa aliye juu ya mkuu, na wifi yake akamdokezea hilo pale mlangoni. Lilirudi na jibu lile lile, limeandikwa kwa lugha nzuri zaidi.

Siku jibu hilo lilipofika alimpigia Chiriku. Alikuwa amempigia mara nyingi bila kupokelewa. Siku hiyo simu ilipokelewa, na nyuma ya sauti ya binti zilisikika mashine kubwa zikizunguka.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Shangazi."

"Baridi?"

"Tumeizoea."

Shangazi alitaka kumweleza kuhusu ile sentensi iliyofutwa, na kwamba ameiandika tena, na kwamba imekataliwa tena. Lakini kila alivyoipanga ilisikika kama mtu anayejitetea.

"Lile ombi la mtihani," binti alisema mwenyewe. "Mama alinidokezea. Wamejibu?"

"Wamejibu."

Mashine moja ilisimama, nyingine ikaanza. Mtu kule aliita kwa lugha ya kigeni.

"Haya," Chiriku alisema. "Wananiita, Shangazi. Mashuka yametoka."